Mkono wa Mama Ukutani

Mjerumani yule alikuwa mchoraji wa matangazo ya biashara. Kwao alichora sabuni na sigara miaka mingi, mpaka picha za kamera zikamnyang'anya kazi, na tajiri mmoja wa kahawa wa Matrah, huko Omani, akamwita amchoree tangazo la kubandika madukani. Mimi nilikuwa mkalimani wake, kijana mwenye Kiingereza cha shule za Unguja na kiburi kisicho na sababu.

Ulikuwa mwaka wa pili tangu tukimbie mapinduzi. Mama hakutaka kitu ila majirani wa Maskati wamhesabu mwenzao. Akisema Kiarabu walimcheka. Kahawa ndiyo iliyomwokoa: alijifunza kuimimina kama wao, dele, birika la kahawa, mkono wa kushoto, finjani mkono wa kulia, hata kwenye vikao vyao vya asubuhi wakamwachia yeye kazi hiyo.

Siku moja Mjerumani alikuja kwetu. Mama alimpa kahawa kutoka nyuma ya pazia, naye akaona mkono tu, wenye hina na pete ya fedha. Akaomba auchore.

"Mkono tu?" Mama akacheka. "Na auchore, mwanangu. Uso ndio siutoi."

Aliuchora vizuri, wallahi. Mkono mmoja, finjani moja, rangi tatu, basi. Alisema tangazo halimngoji mtu asimame. Sharti mpita njia alielewe huku anapita. Lakini maandishi ya Kiarabu yalimpa shida, maana yanaanzia kulia, palepale ulipokuwa mkono. Akaigeuza picha upande wa pili. Akaniuliza kama kuna ubaya. Nikaitazama, ikanipendeza, nikamwambia hakuna.

Mpumbavu mimi. Mkono wa kulia ukigeuzwa unakuwa wa kushoto.

Matangazo yalipobandikwa soko zima lilicheka: nani huyu anayemkaribisha mgeni kwa mkono wa chooni? Wanawake wa mtaani kwetu wakaitambua pete ya Mama. Mjerumani alipoelezwa alishika kichwa, akazunguka duka kwa duka akiyabandua mwenyewe. Nilimwonea huruma, lakini yeye alikuwa na kwao pa kurudi.

Asubuhi ya pili Mama alikwenda kikaoni, akarudi mapema. Dele alikuwa amepewa mwengine. Nikamwambia kosa ni langu, niliulizwa nikajibu.

Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Miaka yote hii nnakupa chakula, mwanangu," alisema, "hujapata kuangalia nnakupa kwa mkono gani?"