Siku Niliyomkana Munyiva Ukumbini

Nilikuwa nishavuka viti vinne, nakanyaga watu vidole nikielekea mlangoni. Nyuma yangu mjukuu wangu Munyiva alikuwa amesimama mbele ya maikrofoni, ameganda.

Ukumbi wa kanisa, Hurlingham, siku ya wazazi ya shule yake. Wazazi karibu mia mbili.

"Mzee, huyo ni wako?" akaniuliza mama mmoja niliyemkanyaga.

"Hapana. Sijui ni wa nani."

Nimezunguka hii Kenya. Nimefukuzwa kazi, nimelala seli wiki nzima Kitale. Hakuna neno nimewahi kutoa likanichoma kama hilo.

Wacha niwaambie vile tulifika hapo.

Kazi yangu ni kuandika vibao vya maduka kwa rangi. Shule niliokota vipande: darasa la kwanza Mwingi, la pili Thika, la nne Nakuru. La tatu sikuwahi kuliona.

Munyiva alikuwa na miaka kumi na nne, tukiishi pamoja Kinoo. Kichwa kiko sawa kabisa, lakini kusoma kulimshinda. Herufi zinamruka, mstari unampotea.

Mwalimu Lornah alisema watoto wa aina hiyo ni wengi. Akawaanzishia kikundi cha kuongea mbele ya watu. Karatasi hakuna. Una mambo matano, unayaweka kwa vidole vitano, unaongea kidole baada ya kidole.

Nyumbani msichana alikuwa anaongea mpaka majirani wanazima redio. Lakini aliniambia wazi kwamba ikimshinda siku hiyo ya wazazi, shule harudi tena.

Hapo ndipo mimi nikaharibu.

Niliona aibu. Watoto wa watu waje na hotuba zimechapwa, wangu aje na vidole? Nikachukua brashi nyembamba, nikaandika maneno yake kwa karatasi ngumu. Herufi nyekundu zenye kivuli, vile huwaandikia watu wa bucha.

"Babu, Mwalimu alikataa karatasi."

"Si Mwalimu atachekwa. Shika tu, watu waone umeshika."

Akashika.

Na pale jukwaani akajaribu kuisoma. "Jina langu... Jina langu ni..." Macho yanatafuta mstari. Watoto wa nyuma wakaanza kucheka. Ndipo nikainuka.

Nilifika hadi kwa lango. Soja, yule mlinzi wa pale, akaniuliza kama programu imeisha. Spika zilikuwa zinasikika mpaka nje.

Nikasikia karatasi ikikwaruza maikrofoni. Halafu sauti yake, ile ya nyumbani.

"Kidole cha kwanza ni choo cha shule. Nilijificha huko kila somo la kusoma, mpaka nikajua kila jina limeandikwa kwa ule ukuta. Nilikuwa nasoma, ni vile tu hamkuwa mnaniuliza huko."

Ukumbi ukacheka, kicheko kizuri. Akaenda kidole cha pili, cha tatu. Alipofika cha tano watu walikuwa wamenyamaza vile hunyamaza mazishini. Kisha makofi.

Mimi niko langoni, nimeshika chuma ya lango.

Alitoka akiwa na yule mama niliyemkanyaga. Kumbe alikuwa Mama Ryan, kijana wake alikuwa kikundi kimoja na Munyiva. Mama huyo alikuwa anamuuliza Munyiva ameletwa na nani.

"Babu yangu. Yule pale."

Mama Ryan akanitazama kutoka kofia mpaka viatu.

"Huyu? Huyu ameniambia hakujui."

Nilingoja Munyiva alie. Hakulia.

"Nilikuona ukitoka, Babu," akasema polepole. "Ndio nikaweza kuweka ile karatasi chini."

Tulitembea mpaka stegi ya matatu.

Wazee wenzangu, sikilizeni. Yule mtoto hakuogopa watu mia mbili. Aliogopa mmoja, na huyo mmoja ndiye alikuwa anajiita wake.

Hiyo ni miaka mitatu sasa. Munyiva alichaguliwa timu ya shule ya kuongea mbele ya watu. Yuko sekondari, bado anasoma polepole, na walimu humwongezea muda. Mwalimu Lornah alihamishwa Kakamega. Ryan aliacha kuongea, siku hizi anacheza basketi. Mama yake tukikutana Kinoo sokoni huangalia nyanya.

Mimi nilienda Isiolo miezi minne, nikarudi. Bado naandika vibao. Msamaha sijamwomba.