Dege Juu ya Mlango

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, kule Simbo, niliogopa mlango wa nyumba yetu asubuhi nzima. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha, na juu ya fremu alikuwa ametua nondo wa kahawia, mkubwa kuliko kiganja changu, mwenye alama za macho mawili mbawani. Chumbani mdogo wangu Yusufu, wa miaka miwili, alikuwa anachemka homa. Mama alikuwa ameondoka alfajiri kupeleka mawese sokoni Mwanga.

"Ni dege huyo," Bibi alisema. "Ndiye analeta degedege. Mtoto hapitishwi chini yake. Tusubiri aondoke mwenyewe."

Nilichukua fagio nimfukuze. Bibi akaninyang'anya, akasema ukimgusa anaondoka na roho ya mtoto. Basi tukakaa. Zahanati ilikuwa mwendo wa nusu saa tu, na sisi tunamtazama mdudu. Bibi yangu hakuwa mjinga. Alikuwa amezika watoto wawili kwa degedege, na mara zote mbili alimwona huyo ukutani. Nilimwamini kabisa.

Jua lilipofika utosini, Yusufu alikakamaa, macho yakageuka. Nikatoka mbio, nimeinamisha kichwa pale mlangoni, hadi kwa Mama Asifiwe, jirani yetu wa asili ya Kongo aliyeuza viwavi wakavu. Alikuja, akanyoosha mkono, akamtoa nondo kwa vidole viwili kama anayetoa uzi kwenye nguo.

"Huyu ni mama ya viwavi," alisema. "Alikuwa analala mu udongo, mvua imemuamsha. Hana hata kinywa. Anatafuta pa kutaga, kisha anakufa. Leta mtoto, mama."

Bibi alimleta huku analia, tukamkimbiza zahanati. Na viwavi wale, mimi nilikuwa nimewala kwa ugali mara nyingi tu, tena kwa kulamba vidole.

Yusufu alipona, ila hasikii. Daktari hakusema ni kwa sababu ya asubuhi ile, wala hakusema si hivyo. Bibi alikufa bila kuligusia, nami simlaumu. Kinachoniuma ni kwamba kwa Mama Asifiwe palikuwa hatua hamsini, na miguu niliyokimbilia mchana nilikuwa nayo tangu asubuhi.

Sasa Yusufu ni fundi cherehani pale Mwanga. Nikitaka kumwita, namwendea mpaka nimguse bega.