Hewa ya Wifi Yangu

Aliyenifundisha kukuza uyoga ni wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, na ndiye aliyehakikisha uyoga wangu haukui. Tunaishi kwenye shamba moja la familia huku Uthiru, yeye upande wa juu, sisi upande wa chini, mama mkwe katikati karibu na lango.

Wakati huo nilikuwa nasuka nywele Kenyatta Market, na mgongo ulikuwa umeanza kunisumbua kwa kusimama kutwa. Wifi alikuwa na banda la uyoga nyuma ya nyumba yake, na mzigo wake aliupeleka kwenye hoteli moja karibu na Adams Arcade. Nilimwomba anionyeshe kazi. Alikubali upesi mno, mtu ambaye hakuwahi kuniazima hata chumvi bila kuisema mwezi mzima. Tulichemsha mabua ya ngano pamoja, tukayashindilia kwenye mifuko ya plastiki, tukatia mbegu, nami nikaipanga mifuko yangu katika chumba kitupu nyuma ya nyumba yetu. Mifuko ilipokuwa myeupe kote, dalili kwamba uyoga uko karibu kuchomoza, nilimuuliza kama sasa nifungue madirisha.

“Uyoga hautaki hewa,” aliniambia. “Funga kila kitu. Hata hapo chini ya mlango weka gunia.”

Nikafunga. Banda lake mwenyewe hakuniruhusu kulitia mguu, akisema nguo zangu zingemletea kuvu.

Uyoga wangu ulitoka mrefu, mashina membamba yaliyojipinda huku na huku, na juu yake vikofia vidogo kama vifungo vya shati. Nikiingia chumbani kichwa kilikuwa kinaniuma. Nilimwita aone. Alitazama, akasema si kila mkono umeumbwa kwa kilimo. Pasaka iliyofuata, ndugu wote wakiwa kwa mama mkwe, alipanga uyoga wangu kwenye sahani kando ya wake, akawataka wakisie upi ni wa msusi. Walicheka sana. Mume wangu naye alicheka. Mimi nilibeba vyombo nikaenda kuosha, na kila sahani niliyoisugua niliisugua nikiuona uso wa wifi.

Niliotesha tena, ukatoka vilevile. Nilikuwa nimeshaamua kuacha wakati wifi aliposafiri kwenda Nakuru kwenye harusi. Aliuacha ufunguo wa banda kwa mama mkwe anyunyizie maji, lakini miguu ya mama ilikuwa imevimba, akanituma mimi.

Nilifungua mlango, na kitu cha kwanza nilichohisi ni upepo shingoni. Madirisha yalikuwa wazi, yamewekewa wavu wa mbu tu. Chini, karibu na sakafu, kulikuwa na matundu mengine. Ndani ya madirisha alikuwa ametundika magunia yaliyolowa maji ili upepo uingie ukiwa baridi na unyevu. Uyoga wake ulikuwa mpana kama viganja, umepandana tabaka kwa tabaka. Nilisimama pale na chombo cha kunyunyizia mkononi, nikalikumbuka gunia chini ya mlango wangu. Sikugusa mfuko hata mmoja. Nilinyunyizia maji vizuri, nikafunga mlango, nikarudisha ufunguo. Sikutaka kisasi cha siku moja.

Jioni hiyo nilisoma kwenye simu kile ambacho ningepaswa kusoma mapema. Uyoga hupumua kama sisi. Hewa chafu inayotoka kwenye uyoga ni nzito, hutulia chini, na isipopata pa kutokea mashina hurefuka yakitafuta hewa safi. Nilitoboa ukuta chini, nikafungua madirisha yote. Mara ya kwanza nilizidisha: upepo ulikausha vichwa vikiwa bado vidogo, kingo zikapasuka na kugeuka manjano. Nikatundika magunia yenye maji, nikafungua nusu asubuhi na nusu jioni, na uyoga uliofuata ulitoka wa kukufanya utabasamu peke yako.

Niliubeba moja kwa moja hadi kwa mpishi wa ile hoteli. Aliukunja kidogo, akaunusa, akasema atauchukua kila wiki. Wifi alipofika na mzigo wake, alikuta wangu umeshaingia jikoni.

Hilo halikunitosha. Banda lake liko mpakani kabisa, kule nyuma ambako upande wake na wetu hukutana. Upande mmoja linatazama ukuta wa nyumba yake, kwa hiyo upepo wake wote ulikuwa ukipitia kwetu. Mume wangu alikuwa akisema siku zote kwamba tuzibe mpaka kwa sababu ya kuku. Nilimwambia sasa ndio wakati. Nikamsimamia fundi mwenyewe, mabati yakapanda mpaka juu ya madirisha ya wifi, upande wetu wa mpaka, bila kuvuka hata kidogo.

Alikuja baada ya wiki chache, ameshika kishada cha uyoga wa mashina marefu.

“Umenifungia hewa,” alisema.

“Si ulinifunza mwenyewe uyoga hautaki hewa?”

Alinitazama, na nikaona amejua kwamba najua. Aligeuka na kishada chake, akapanda kurudi kwake. Siwezi kueleza utamu wa kumwona akiondoka hivyo.

Mume wangu aliniomba nitoe mabati mawili tu, kwa ajili ya amani. Nikamwambia aende kwanza akamuulize dada yake habari za Pasaka. Hakwenda. Mwishowe wifi alihamishia mifuko yake kwenye chumba cha kukodi upande wa Kinoo, na banda sasa anafugia sungura.

Juzi tulikuwa jikoni na mama mkwe, tunamenya viazi. Aliniuliza polepole, bila kuinua macho, kama sasa moyo wangu umetulia.

“Bado, mama,” nilimwambia, nikachukua kiazi kingine.