Sauti ya Besi Bado Inauza Krimu

Saa tatu asubuhi, madirisha yamezibwa kwa blanketi na feni imezimwa isivume. Besi, mtafsiri anayeingiza sauti za Kiswahili kwenye filamu, anafuta jasho, anasogeza kipaza sauti na kugeuka muuza duka.

"Dada, uso huu utakupendeza, tena una ofa!" anabembeleza. Kisha anakuwa zimwi, anacheka hadi kikohozi kinamkaba.

Filamu yenyewe ni ya kutisha, yenye kejeli tele. Duka linauza nyuso mpya. Wanaonunua hawatambuliwi tena hata na watoto wao. Nyuso zinaanza kubanduka, lakini foleni haipungui. Watu wanaulizana tu kama kuna punguzo.

Hii ni mara ya tatu anaitafsiri. Ya kwanza ndiyo inayomnyima raha.

Watafsiri wa mabanda ya video huchomeka matangazo pale filamu inaponyamaza. Mwaka juzi, muuza vipodozi alimletea krimu ya kung'arisha ngozi. Besi akachagua tukio ambalo mwanamke anajitazama kwenye kioo, kimya, akijitafuta.

"Paka leo, kesho wakuulize jina!" akanguruma. Banda zima likaangua kicheko.

"Pale ndipo filamu ilipokuwa inasema jambo lake, mimi nikaiziba mdomo," anasema. "Hiki kipaza sauti ndiyo malipo niliyopewa."

Hakujua kwamba mdogo wake wa kike, fundi cherehani, naye alicheka, kisha akaenda kununua.

"Yule muuzaji nisingemwamini. Nilimwamini kaka," anasema dada huyo. Mashavu yake yana mabaka meusi, na akikaa juani ngozi inamchoma. "Siku moja jirani wa miaka mingi akaniuliza, 'Samahani, wewe nani?' Nilirudi ndani nikalia."

 

Alipojua hayo, Besi aliitafsiri filamu upya, bila tangazo, tukio la kioo akaliacha kimya. Alipoionyesha bandani, kimya kilipofika, watazamaji walipaza sauti kwa pamoja: "Paka leo, kesho wakuulize jina!" Walikuwa wamekariri. Nakala za zamani zimeshahama flashi hadi flashi, wala hakuna wa kuzirudisha.

"Mimi nimeacha, sauti yangu bado inauza," anasema, na uchungu haufichiki.

Sasa anataka kugawa tafsiri hii ya tatu bure kwa kila banda. Safari hii, tukio la kioo si lake.

"Sema umeharibika, dada, waogope," anamshauri.

"Sijaharibika, kaka. Na sitaki kuhubiri, watu watatoka nje wakavute sigara. Nipishe."

Besi anampisha kiti. Kwenye skrini, mwanamke anajitazama kwenye kioo. Fundi cherehani anasogea karibu na kipaza sauti kilichopatikana kwa tangazo la krimu ile.

"Mimi ni mdogo wake Besi," anasema taratibu. "Nilipaka."