Nilivyosubiri Kubembelezwa na Kompyuta

Juzi binti yangu alikuwa akiweka programu kwenye kompyuta yenye mfumo wa Linux. Kompyuta ilipouliza kama iendelee, alijibu ndiyo bila hata kusoma. Mimi swali hilo lilinichanganya utotoni, kwenye chumba cha kompyuta cha parokia, Kibosho, kilichonukia kahawa iliyoanikwa nje. Mwalimu alisema atakayeweka programu ya kuchora ndiye atakayechora wa kwanza. Nikaanza mimi. Kompyuta ikaniambia italeta na programu nyingine kumi na nane; iendelee? Nyumbani tulifundishwa kwamba ukikaribishwa kwa watu, kwanza unakataa. Nikajibu hapana, nikasubiri kubembelezwa.

“Mbona umekataa, baba?” mwalimu akauliza.

“Nasubiri iniulize tena.”

Alicheka hadi machozi, kisha zamu akampa mwenzangu Neema. Neema alijibu ndiyo papo hapo, kama mtoto asiyefunzwa adabu, akachora hadi jioni.