Kichwa cha Bakora ya Baba

Baba yangu alikuwa fundi wa bakora Bagamoyo, na hasira zake zilikuwa za kijinga. Mimi mwanawe nasema hivyo, maana nilikuwapo. Enzi zile mji ulikuwa bado wa liwali wa Sultani, Wadachi hawajaja kupandisha bendera yao.

Bakora za mafundi wengine zilikuwa na kichwa kikubwa cha mti mtupu. Ukimchapa mtu sawasawa, kinapasuka. Baba akakichimba kwa ndani, akaacha ukuta mwembamba katikati wa kukishikilia, kisha akamimina risasi iliyoyeyushwa kila upande. Kikawa kidogo mkononi, kizito mgongoni. Wakuu wa misafara waliwapiga nazo wapagazi toka mjini mpaka Fukayosi na kichwa kisipate hata ufa. Baba akiletewa habari hizo hufurahi siku nzima. Migongo ya wapagazi haikuzungumzwa nyumbani kwetu.

Alikuwa na mwanafunzi, mtu wa Saadani. Huyo alipohitimu akafungua kibanda sokoni, akauza kichwa kilekile na kutangaza kwamba amekibuni yeye. Baba akapandwa na mori. Sisi tulikula kwa kichwa kile, kikitutoka, tumekwisha. Akaenda kushtaki kwa liwali.

Siku ya kesi alivaa kama anakwenda kuoa. Wazee wa baraza wakamsikiliza vizuri tu, na angeishia hapo angeshinda. Wapi! Alitaka kumzika mwenzake kabisa. Kwetu mwanafunzi hafanyi kazi peke yake mpaka ampe fundi wake kilemba, na fundi akikipokea, amekwisha kumpa radhi. Baba akaapa kwa Mungu kwamba yule mwizi hakumpa kilemba, hata uzi wake.

Mwanafunzi hakuwa na haraka. Akamgeukia baba kwa adabu zote.

"Shikamoo, fundi wangu," akasema. "Umekivaa."

Baraza zima likamtazama baba kichwani. Ndicho kilemba chake kizuri pekee, na wallahi alikuwa amesahau kimetoka wapi. Watu wakacheka mpaka mzee mmoja akajitemea tambuu kwenye kanzu. Liwali hakucheka. Alisema aliyeapa uongo juu ya kilemba haaminiki juu ya bakora. Kichwa ni cha mwanafunzi, na baba anaweza kukichonga, ila asithubutu kusema ni chake.

Nilimchukia baba siku ile. Uongo ningemsamehe, upumbavu sikuweza.

Wateja wakahamia sokoni. Tukauza mkeka, tukauza sufuria. Ndipo akaja mkuu wa msafara mmoja, mgeni, akaigeuzageuza bakora mkononi na kuuliza kama huyu ndiye yule anayemwiga fundi wa sokoni. Ndani hatukuwa na unga, na baba alijua ninasikia.

"Ni mimi, bwana," akamjibu. "Namwiga vizuri sana."