Keria ya Mama Mkwe

Miaka ya tisini nilienda kazini kwa baiskeli, kiwanda cha chai, kila asubuhi. Baiskeli yangu haikuwa na keria ya kubebea mizigo na nilitaka ibaki hivyo. Mwenye keria hugeuzwa gari la kijiji: leo gunia la mahindi, kesho jogoo wa harusi. Mimi nilipita bila mzigo nyuma, nikisalimia watu kwa kengele.

Kisha jino la mama mkwe likafurisha shavu lake lote. Alikuwa hajala siku kadhaa, na mvua ilikuwa imeharibu barabara ya kwao hadi magari yakaacha kupita. Daktari wa meno alikuwa hospitali ya Longisa. Mashemeji walikuwa mbali, na mke wangu alikuwa mjamzito, karibu kujifungua. Alinitazama, kisha akaitazama baiskeli.

"Utabeba mama."

"Na nini? Na kichwa?"

"Weka keria. Leo."

Keria haikuwa shida. Shida ilikuwa heshima. Kwetu mtu na mama mkwe hawagusani hata kwa salamu, na mimi tangu nioe nilikuwa nikizungumza naye huku nimekodolea macho ng'ombe. Sasa aje akae mgongoni kwangu, ashike kiuno?

Nikampelekea fundi wa baiskeli wa Silibwet shida yangu, akaanza kunifungia keria.

"Hiyo keria rudisha nyuma," nikamwambia.

"Nyuma wapi? Miguu yake inaingia hapa kwa ekseli."

"Ni ya mama mkwe."

Akaweka spana chini, akaelewa kabisa. Aliiunganishia keria vipande vya chuma ikasogea nyuma sana, kisha akachomelea mshikio nyuma ya kiti changu ili mama ashike chuma, asinishike mimi.

"Hapa hata akipiga chafya haikufikii," akasema. Tulijipongeza sana. Kwamba Bomet ni milima mitupu, hakuna aliyekumbuka.

Kesho yake mama mkwe alikaa upande, mkoba magotini, uso ameugeuzia mashamba ya chai. Kwenye tambarare tulikwenda vizuri, kila mmoja akijifanya yuko peke yake. Tulipoanza kupanda kilima cha kwanza, uzito ukalemea nyuma na gurudumu la mbele likainuka. Nilitafuta barabara nikaona mawingu.

"Uui!" Mikono miwili ikanikumbatia tumbo, kifua chake kikaja kugonga mgongo wangu, na gurudumu likarudi ardhini.

Nikasimama, mguu mmoja chini. Nilingoja mikono itoke. Haikutoka.

"Enda," akasema. "Jino inauma."

Nikaenda. Niliona aibu hadi masikio yakawaka moto. Lakini mama yangu mzazi alifariki nikiwa mdogo, na sikukumbuka mtu mzima aliyewahi kunishika vile. Nilifurahi, na kilima nilikipanda chote bila kushuka.

Jino liling'olewa. Alitoka na pamba mdomoni, akaizunguka baiskeli kama anayenunua ng'ombe, akagonga ule mshikio.

"Hii chuma itolewe," akasema, pamba ikimsumbua. "Inanidunga. Na keria isongeshwe mbele."

"Mpaka wapi, mama?" nikauliza, nikitafuta ng'ombe wa kuangalia.

Akaweka kiganja mgongoni mwangu.

"Mpaka hapa."